Video ya Sayari katika Darubini ya Uani: Ufundi wa Kuchagua na Ukweli wa Picha

Mtu anayeitazama sayari ya Mshtarii kwa darubini ndogo kwa mara ya kwanza aghalabu huvunjika moyo. Amekwisha kuona vitabuni mikanda ya mawingu, vimbunga vyeupe na lile Doa Kubwa Jekundu. Sasa anachokiona ni kiduara cheupe kinachotetemeka, chenye mistari miwili hafifu ya rangi ya kahawia, mithili ya sarafu iliyolala chini ya maji yaendayo. Akiunga kamera na kupiga picha moja, matokeo huwa mabaya zaidi. Hata hivyo mtu yuyo huyo, kwa darubini ile ile, anaweza siku hizi kupata picha iliyo wazi kuliko nyingi zilizopigwa kwa filamu na darubini kubwa za vituo vya utafiti kabla ya miaka ya 1980. Darubini haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba mtazamaji hapigi tena picha moja; anarekodi video, kisha anaichambua kwa kompyuta.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi jambo hilo linavyowezekana, na kuonyesha mahali ambapo ufundi huo unaweza kumdanganya anayeutumia. Kuhusu majina, sayari zinatajwa hapa kwa majina yao ya Kiswahili, ambayo mengi yaliingia lughani kutoka Kiarabu. Msomaji aliyesoma shule za Kongo kwa Kifaransa atatambua kwamba Mshtarii ni ile aliyofundishwa kuiita Jupiter, Zohali ni Saturne, na Mirihi ni Mars.

Hewa, adui wa darubini

Ugumu wote unatokana na udogo wa kitu chenyewe machoni na utukutu wa hewa. Wanafalaki hugawa digrii moja ya pembe katika dakika 60, na kila dakika katika sekunde 60. Sekunde hizi ni za pembe, wala si za saa. Mwezi mpevu una upana wa sekunde za pembe 1,800 hivi. Mshtarii, ambayo kwa hakika ina kipenyo cha kilomita 143,000 hivi kwenye ikweta yake, haizidi sekunde 50 inapokuwa karibu nasi kabisa. Kwa nadharia ya mwanga, darubini yenye kioo cha sentimita 20 inaweza kutenganisha mambo yaliyoachana kwa takriban nusu sekunde, kwa hiyo ingetosha kuonyesha mengi katika kiduara hicho. Lakini hewa hairuhusu.

Mkazi yeyote wa Lubumbashi anayajua mambo haya bila kuyasoma, kwa sababu amekwisha kutazama ukuta wa jirani kupitia hewa iliyo juu ya mbabula yenye makaa yanayowaka. Ukuta huyumbayumba. Hewa ya moto na hewa ya baridi hupinda mwanga kwa viwango tofauti, na zinapochanganyikana mwanga hupotoka huku na huku mara nyingi katika sekunde moja. Ndiyo sababu ya mazigazi barabarani wakati wa jua kali, na ndiyo sababu ya kumetameta kwa nyota. Usiku wa kawaida hewa hutandaza picha ya nyota hadi ikawa na upana wa sekunde moja, mbili au tatu za pembe, yaani zaidi sana ya nusu sekunde ambayo kioo kingeweza kuionyesha. Kamera inayofungua jicho lake kwa muda wa sekunde nzima hukusanya upotovu wote huo na kuuchanganya katika picha moja. Hapo ndipo Mshtarii inapogeuka uji.

Hata hivyo hewa haitetemeki kwa kiwango kile kile muda wote. Kuna vipindi vifupi, pengine sehemu ya mia ya sekunde, ambapo vipande vya hewa vilivyo mbele ya kioo hulingana, na sayari ikaonekana wazi kama kwamba hewa imeondolewa. Watazamaji wa zamani walivijua vyema vipindi hivyo. Walikaa saa nyingi na jicho darubinini, penseli mkononi, wakingoja.

Wale waliongoja na wale walioona kupita kiasi

Historia ya Mirihi inastahili kukumbukwa hapa, hasa na wanaojishughulisha na lugha. Mwaka 1877 Giovanni Schiaparelli, mwanafalaki wa Milano, alichora ramani ya Mirihi yenye mistari aliyoiita kwa Kiitaliano "canali". Neno hilo hutaja njia ya maji iliyojifanya yenyewe, na pia ile iliyochimbwa na watu. Mtu anayelileta katika Kiswahili hulazimika kuchagua kati ya mkondo na mfereji. Na anayechagua mfereji amekwisha kumtia mchimbaji ndani ya habari kabla ya kumwona. Ndivyo ilivyotokea katika Kiingereza. Tangu mwaka 1894 Mmarekani Percival Lowell, katika kituo alichokijenga Flagstaff, Arizona, alichora mamia ya mistari hiyo na kuandika vitabu juu ya viumbe wenye akili waliokuwa wakinyunyizia sayari yao maji. Mwezi wa Septemba 1909 Eugène Antoniadi, aliyekuwa akitumia darubini ya lenzi ya sentimita 83 huko Meudon karibu na Paris, alibahatika kupata hewa tulivu mno. Mistari haikuwapo. Mahali pake aliona madoa mengi madogo, yasiyo na mpango wowote, ambayo jicho la mtu aliyechoka lilikuwa likiyaunganisha kuwa mistari. Picha zilizoletwa na chombo Mariner 4 mwaka 1965 hazikuonyesha mfereji hata mmoja.

Mambo mawili yamo katika kisa hiki. La kwanza, kipindi kifupi cha utulivu kina thamani kuliko saa nzima ya hewa mbaya. La pili, mtu anayetafuta kitu mwishoni mwa uwezo wa macho yake ana hatari ya kukipata hata kisipokuwapo. Kamera ya video imelitatua jambo la kwanza kwa namna ya kupendeza. La pili limebaki, nalo limehama kutoka jichoni hadi katika kompyuta.

Hesabu ya bahati

Mwaka 1978 mtaalamu wa Marekani David Fried alitoa hesabu ya uwezekano wa kupata picha safi kwa bahati kupitia hewa inayotetemeka. Alipima hali ya hewa kwa upana wa kipande ambacho ndani yake mwanga haupotoki sana; usiku wa kawaida upana huo ni kati ya sentimita chache na kumi na tano hivi. Ikiwa kioo cha darubini ni kipana mara tatu ya kipande hicho, picha za muda mfupi zilizo safi hufikia karibu robo tatu ya zote. Kikiwa kipana mara tano, ni karibu moja kati ya kumi. Kikiwa mara saba, haifiki moja kati ya 300. Na kikiwa mara kumi, mtazamaji hana budi kupiga picha milioni moja ili aipate moja.

Hesabu hii ndiyo inayoeleza kwa nini ufundi huu umekuwa mali ya watu wa uani. Katika usiku ambao kipande cha hewa tulivu kina sentimita nne, mwenye darubini ya sentimita 20 anapata picha moja safi katika kila kumi. Usiku huo huo, darubini ya mita nne juu ya mlima haiwezi kuipata hata moja kwa bahati peke yake. Wenye darubini kubwa wamelazimika kutafuta njia nyingine za gharama kubwa, kama vioo vinavyojikunja mara mamia kwa sekunde ili kurekebisha mwanga, au kuirusha darubini nzima nje ya hewa, kama ilivyofanywa kwa Hubble mwaka 1990.

Hesabu ilikuwapo, lakini kwa muda mrefu chombo cha kuitumia hakikuwa mikononi mwa watu wa kawaida. Kilikuja kwa njia isiyotarajiwa, kupitia vile vikamera vidogo vilivyouzwa ili watu waonane wanapozungumza kwa kompyuta. Watu walivifungua, wakaitoa lenzi ya mbele, wakakitia kilichobaki mahali pa jicho la darubini. Kikamera cha Philips kilichoitwa ToUcam kilipata sifa kubwa kwa kazi ambayo watengenezaji wake hawakuikusudia. Mwaka 2002 Mholanzi Cor Berrevoets alitoa programu yake RegiStax, iliyoweza kuzipanga fremu za video kwa ubora na kuzilaza moja juu ya nyingine bila mtu kuzichagua kwa mkono; baadaye Mholanzi mwingine, Emil Kraaikamp, alitoa AutoStakkert, ambayo wengi wanaitumia sasa. Zote mbili zilitolewa bure.

Kazi ya uani

Kazi ya usiku huanza mapema kuliko mtu anavyodhani. Darubini iliyotolewa chumbani ina joto kuliko hewa ya nje, na kioo chake hutoa mvuke wa joto ndani ya bomba lenyewe. Yaani mtu amejiwashia mbabula yake mwenyewe. Ni lazima iachwe nje kwa saa moja hivi ipoe. Sakafu ya saruji na paa la mabati, vilivyochomwa na jua mchana kutwa, huendelea kutoa joto hadi usiku wa manane, ilhali majani hupoa haraka. Mtu akiweza kuchagua, na aiweke darubini kwenye majani, asielekee juu ya paa la jirani.

Baada ya hapo vioo vya darubini hulinganishwa. Nyota angavu huwekwa katikati, na picha yake hulegezwa kidogo hadi itoe miviringo. Miviringo isipokuwa na kitovu kimoja, skrubu za kioo hukazwa au kulegezwa kidogo kidogo mpaka iwe sawa. Wengi huiruka hatua hii kwa uvivu, kisha wakailaumu hewa. Hakuna programu inayoweza kurudisha kilichopotezwa na kioo kilichopinda upande.

Ukubwa wa picha nao una kanuni yake. Mafundi hukadiria kwamba urefu wa mwendo wa mwanga katika darubini, ukigawanywa kwa upana wa kioo, uwe karibu mara tano ya upana wa pikseli kwa mikroni. Kamera nyingi za siku hizi zina pikseli za mikroni 2.9, basi darubini ya sentimita 20 itahitaji mwendo wa mita tatu hivi, unaopatikana kwa kuongeza lenzi ya kukuza mbele ya kamera. Hapo Mshtarii nzima itakuwa na upana wa takriban milimita 0.65 juu ya kamera, yaani pikseli 225. Ni kitu kidogo mno! Kukuza zaidi ya hapo hakuongezi lolote, ila giza.

Kila fremu hupewa muda mfupi, milisekunde tano hadi kumi, ili hewa isipate nafasi ya kuiharibu. Kwa mwendo wa fremu 100 kwa sekunde, dakika mbili hutoa fremu 12,000; na kama eneo linalorekodiwa ni pikseli 640 kwa 480, faili moja hufikia gigabaiti 3.7 hivi. Mota ya kuifuata sayari ni msaada mkubwa, kwa maana bila hiyo Mshtarii huvuka eneo lote la kamera kwa sekunde nane au tisa tu kwa sababu ya mzunguko wa Dunia. Lakini wako wanaofanya kazi nzuri kwa darubini inayosukumwa kwa mkono, wakiiacha sayari ipite, wakiisukuma tena, na kuiachia programu kazi ya kuzikusanya fremu zote katikati.

Kwa nini dakika mbili? Mshtarii huzunguka juu ya mhimili wake kwa muda usiofika saa kumi. Mawingu yaliyo katikati ya kiduara husogea karibu robo ya sekunde ya pembe kila dakika. Baada ya dakika mbili yamesogea kiasi cha nusu sekunde, yaani kiasi kile kile ambacho darubini ya sentimita 20 inaweza kukitambua. Anayerekodi kwa dakika kumi bila kuangalia huitia sayari ukungu kwa mzunguko wake yenyewe. Mjerumani Grischa Hahn alitoa programu WinJUPOS, inayoweza kuzirudisha nyuma video kadhaa zilizofuatana kana kwamba sayari ilisimama, na hivyo kuongeza muda wa kukusanya mwanga.

Kazi ya mezani

Asubuhi video hutiwa katika programu ya kuchambua. Programu hupima ukali wa kila fremu na kuzipanga kuanzia iliyo bora hadi iliyo mbaya. Mtazamaji huamua ni ngapi zibaki: asilimia kumi, ishirini, hamsini. Akibakiza chache mno, picha itakuwa kali lakini yenye chengachenga, kwa sababu kila fremu ina mwanga mdogo na makosa mengi madogo ya kamera. Makosa hayo hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi, maana yake fremu 100 hupunguza chengachenga mara kumi, na fremu 1,200 kama mara 35. Akibakiza nyingi mno, mbaya zitaziharibu nzuri. Programu haiamui jambo hilo, ni mtu.

Fremu zilizochaguliwa hazilazwi tu moja juu ya nyingine. Kwa kuwa hewa hupinda upande mmoja wa sayari kwa namna tofauti na upande mwingine, programu huigawa sayari katika vipande vingi na kukisogeza kila kipande peke yake hadi vyote vilingane. Kinachotokea ni picha moja laini, isiyo na chengachenga, lakini bado yenye ukungu. Anayeiona kwa mara ya kwanza hudhani kazi imeharibika. La hasha, yote aliyoyatafuta yamo ndani yake, ila yamefifia.

Hatua ya kuyatokeza ndiyo yenye raha kubwa na yenye mtego. Programu huitenganisha picha katika tabaka kadhaa kwa kadiri ya ukubwa wa mambo yaliyomo: tabaka la mikanda mipana, tabaka la vimbunga vya wastani, tabaka la vitu vidogo kabisa. Kila tabaka huweza kuongezewa nguvu peke yake kwa kusogeza kidude kwenye skrini. Mtu anakisogeza kidogo, na Doa Kubwa Jekundu linatokea na ukingo wake. Anakisogeza tena, na mikunjo ya mawingu inaonekana. Hapo mkono hautaki kuacha.

Kilichomo katika sayari na kilichotiwa na kompyuta

Kila picha ya aina hii ni matokeo ya kuchagua mara nyingi, na katika kila uchaguzi kuna njia ya kuingiza kisichokuwapo. Mfano ulio wazi ni ukingo wa Mirihi. Mahali mwanga unapokoma ghafla dhidi ya giza la anga, ukaliaji uliopita kiasi hujenga utepe wa ziada ndani ya ukingo, unaofuata mviringo wa sayari kwa unadhifu wa kutia shaka. Asiyejua huuita ukungu wa asubuhi wa Mirihi, au barafu. Ni mwangwi wa hesabu tu.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi, nao unahusu pete za Zohali. Kati ya pete mbili kubwa kuna nafasi iitwayo kwa jina la Cassini, yenye upana wa kilomita 4,800 hivi. Hiyo huonekana hata kwa darubini ndogo. Karibu na ukingo wa nje wa pete ya nje kuna nafasi nyingine nyembamba mno, ya kilomita 325, iitwayo kwa jina la Encke. Mjerumani huyo mwaka 1837 aliona utepe mpana wenye kivuli katikati ya pete ile, si nafasi hiyo. Aliyeiona waziwazi ni Mmarekani James Keeler, tarehe 7 Januari 1888, kwa darubini ya lenzi ya sentimita 91 katika kituo cha Lick, California. Kutoka Duniani upana wake ni karibu sehemu ya ishirini ya sekunde moja ya pembe. Leo picha nyingi za darubini za sentimita 20 huonyesha mstari mweusi mahali hapo hapo, na wenye picha hizo hufurahi. Mstari mweusi mwembamba huweza kweli kuacha alama hata ukiwa chini ya kipimo cha darubini, kwa hiyo si haki kusema wote wamekosea. Lakini ukaliaji nao huzaa mstari mweusi karibu na kila ukingo angavu, na pete hiyo ina ukingo angavu. Wenye mstari mpana na mweusi kila mahali, hata pembeni ambako hewa ya usiku ule isingeruhusu, wameuchora wenyewe bila kujua, kama Lowell alivyoichora mifereji yake.

Siku hizi umeingia mtego mpya. Ziko programu zilizofunzwa kwa wingi wa picha nyingine, ambazo zikipewa picha hafifu huijaza kwa vitu vinavyofanana na vile zilivyoviona mahali pengine. Kwa picha ya ukutani hakuna ubaya. Kwa mtu anayetaka kujua kilichokuwako katika mawingu ya Mshtarii usiku fulani, programu ya aina hiyo ni shahidi aliyesoma ushahidi wa wenzake kabla ya kuulizwa.

Kinga si ngumu, ingawa yahitaji subira. Mtazamaji hurekodi video mbili au zaidi zinazofuatana na kuzichambua mbalimbali. Jambo lililo katika sayari hujitokeza katika zote, tena husogea kwa kadiri ya mzunguko wake. Vumbi lililo juu ya kamera halisogei, na chengachenga hazirudii mahali pamoja. Video ya asili huhifadhiwa pamoja na saa yake kamili, wala haifutwi baada ya picha nzuri kupatikana.

Mwanga wa sekunde mbili

Thamani ya uangalifu huo ilidhihirika usiku wa tarehe 19 Julai 2009 huko Murrumbateman, karibu na Canberra, Australia. Anthony Wesley, mwandishi wa programu za kompyuta, alikuwa uani kwake na darubini ya kioo cha sentimita 37. Hewa ilikuwa imeanza kuharibika naye alikaribia kufunga kazi. Alipumzika kidogo, akarudi. Akaona doa jeusi karibu na ncha ya kusini ya Mshtarii. Kwanza alilidhania kivuli cha mojawapo ya miezi. Lakini doa lilisogea sawasawa na mawingu, mahali hapakuwa pa kivuli, na picha zake mwenyewe za siku mbili nyuma hazikuwa nalo. Alitoa habari, na darubini kubwa za Hawaii zikathibitisha kwamba kitu fulani kilikuwa kimeigonga sayari, miaka 15 kamili baada ya vipande vya kimondo Shoemaker-Levy 9 kuigonga mwezi wa Julai 1994. Tarehe 23 Julai Hubble nayo ilielekezwa huko. Safari ya mwaka 1994 ulimwengu mzima ulikuwa umejulishwa mapema. Safari hii hapakuwa na aliyejua, na wa kwanza kuona alikuwa mtu mmoja nyumbani kwake.

Tarehe 3 Juni 2010 Wesley alirekodi jambo jingine: mwako uliodumu sekunde mbili hivi juu ya Mshtarii, kisha ukazimika bila kuacha doa. Mwako wa sekunde mbili katika video moja ungeweza kudhaniwa kuwa kosa la kamera. Lakini mbali na hapo, huko Cebu, Ufilipino, Christopher Go alikuwa akirekodi sayari ile ile. Huyu ndiye aliyetambua mwezi wa Februari 2006 kwamba kimbunga cheupe cha Mshtarii, kilichotokana na kuungana kwa vimbunga vitatu kati ya 1998 na 2000, kilikuwa kimegeuka kuwa chekundu. Alipozipekua video zake aliukuta mwako ule ule, saa ile ile, mahali pale pale. Kutokana na video hizo mbili wataalamu walikadiria kwamba kilichoungua kilikuwa jiwe lenye upana wa mita nane hadi kumi na tatu. Hapakuwa na njia nyingine ya kulijua jiwe hilo.

Fremu zenye mwako kama huo, ikumbukwe, ndizo ambazo ufundi wa kuchagua unaweza kuzitupa. Programu inayotafuta fremu bora na kuzichanganya huufuta mwako wa sekunde mbili kabisa, kama inavyoyafuta makosa. Mwezi wa Machi 2016 Mwaustria Gerrit Kernbauer alirekodi Mshtarii katika hewa isiyoridhisha, akaziacha video zake siku kama kumi kwa kuona hazina faida. Alipozipitia hatimaye aliukuta mwako wa tarehe 17, na mtazamaji wa Ayalandi akauthibitisha kwa video yake. Mfaransa Marc Delcroix alitengeneza programu iitwayo DeTeCt, ambayo hupitia fremu zote za video, nzuri na mbaya, ikitafuta miako tu.

Anga ya Lubumbashi

Yote yaliyoelezwa hutegemea pia mahali mtu alipo. Sayari hutembea katika ukanda mwembamba wa anga usioachana sana na ikweta. Mwaka 2019 na 2020 Mshtarii ilikuwa kusini, na mtazamaji wa London aliiona ikipanda digrii 16 tu juu ya upeo, kupitia unene mkubwa wa hewa, ukingo mmoja wa kiduara ukiwa wa buluu na mwingine mwekundu. Mwingereza Damian Peach, mmoja wa mafundi mashuhuri wa kazi hii, amewahi kusafirisha darubini yake hadi kisiwa cha Barbados ili azipate sayari juu ya kichwa. Lubumbashi, iliyo karibu digrii 11.7 kusini mwa ikweta, haihitaji safari hiyo: Mshtarii inapofika juu kabisa haiteremki chini ya digrii 55 hapo, mwaka wowote ule, na katika miaka ile miwili ilipita karibu na utosi.

Kizuizi cha Katanga ni mvua. Mshtarii ilikuwa mkabala na Jua mwezi wa Januari 2026, katikati ya masika, wakati ambapo mawingu huacha nafasi chache kati ya dhoruba na dhoruba. Siku ya mkabala husogea mbele kwa mwezi mmoja hivi kila mwaka, kwa hiyo itakuwa mwaka 2030, mwezi wa Mei, ndipo itakapoingia katika kiangazi. Zohali ni rafiki zaidi kwa sasa, kwani mkabala wake ni Septemba 2025 na Oktoba 2026, mwishoni mwa kiangazi. Moshi wa mioto ya porini ya majira hayo hupunguza mwanga tu, nao Zohali inao wa kutosha. Mara nyingi hewa yenye moshi uliotanda ndiyo iliyotulia. Umeme ukikatika, betri ya kompyuta huweza kutosha kwa video kumi au kumi na tano za dakika mbili mbili, na mji ukiwa gizani kazi huwa nyepesi zaidi kwa macho. Uchambuzi waweza kungoja asubuhi.